Kubadilisha Diski ya Dikoda Bila Kupoteza Vipindi Ulivyorekodi: Mwongozo Kamili

Diski mpya imefungwa, dikoda imewashwa, na skrini inauliza: diski ifomatiwe? Mwenye dikoda anabonyeza ndiyo, na hapo hajakosea, maana diski mpya haina kitu. Kisha anairudisha ya zamani ili atafute namna ya kuhamisha vipindi. Dikoda nyingine zikishazoea diski mpya huiona ya zamani kama ngeni. Swali lile lile linatokea tena, na kidole kilichozoea ndiyo kinabonyeza ndiyo. Mechi ya Cranes, timu ya taifa ya Uganda, harusi ya dada iliyoonyeshwa kwenye runinga, mbio za Joshua Cheptegei za mita 10,000 kule Paris 2024: vyote vimefutika kabla chai haijapoa.

Kazi ya kuhamisha vipindi haifanywi na dikoda. Inafanywa na kompyuta, dikoda ikiwa imezimwa, na diski ya zamani ikisomwa tu bila kuandikwa hata herufi moja. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya jambo hilo. Usiruke hatua hata kama fundi jirani anakuambia haina maana.

## Kwanza jua dikoda yako inarekodi vipi

Usinunue chochote kabla ya kujibu swali hili, kwa sababu njia hutofautiana sana.

Dikoda ya antena au dishi inayorekodi kwenye diski ya nje ya USB. Hizi ndizo nyingi Uganda, hasa zile za DVB-T2 za chaneli za bure. Vipindi huwa faili za kawaida ndani ya folda moja. Mara nyingi jina la folda ni ALIDVRS2 au linalofanana nalo, na faili huishia na .ts au .dvr. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote.

Dikoda ya Linux yenye diski ndani, kama Dreambox au Vu+ na ndugu zake zinazotumia Enigma2, programu ya dikoda iliyojengwa juu ya Linux. Vipindi viko kwenye /media/hdd/movie. Unaweza kunakili faili au kunakili diski nzima, na diski nzima ni bora. Sababu nitaitoa mbele.

Dikoda ya chaneli za malipo yenye diski ndani. Hapa vipindi vimefungwa kwa siri inayotegemea dikoda hiyo hiyo na kadi yake. Ukizinakili faili kwenye kompyuta utapata mabaiti yasiyochezeka. Nakala ya diski nzima inaweza kucheza, lakini ndani ya dikoda ile ile tu, na kama kifurushi chako ni hai. Tena, ikiwa dikoda ni ya kampuni na wewe umekodishiwa, au bado ina dhamana, usiifungue. Ita kampuni, na kabla hawajaja tazama vile unavyovipenda, kwa sababu huduma ya kubadilisha kwa kawaida hukuletea dikoda tupu.

Runinga inayorekodi kwenye USB bila dikoda. Za Samsung hufunga vipindi kwa siri ya runinga yenyewe. Diski hiyo haitacheza kwenye runinga nyingine hata ya aina hiyo hiyo, wala kwenye kompyuta. Kama bodi ya runinga imekufa, vipindi hivyo havirudi. Sema ukweli huo kwa mwenye runinga mapema ili asitumie pesa bure.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Kwa diski ya USB ya nje unahitaji kompyuta, diski mpya na waya zake, basi.

Kwa diski iliyo ndani, andaa hivi vyote kabla ya kugusa skrubu ya kwanza:

- Kompyuta ya mezani yenye nafasi mbili za SATA (tundu la kuunganishia diski ya ndani) zilizo wazi. Kama huna, laptopu na adapta mbili za SATA kwenda USB 3.0. Kwa diski ya inchi 3.5 adapta lazima iwe na umeme wake wa volti 12, maana USB peke yake hutoa volti 5 tu.
- Flashi mbili. Moja ya GB 4 au zaidi kwa ajili ya SystemRescue, yaani mfumo wa Linux wa uokoaji unaowaka kutoka kwenye flashi, na nyingine ndogo yoyote kwa ajili ya kumbukumbu, yaani faili inayoandika kunakili kumefika wapi. Ya pili hiyo wengi huiacha, na ndiyo inayookoa kazi umeme ukikatika.
- Bisibisi ya nyota PH1 na PH2, na Torx T8 na T10.
- Kikombe au kifuniko cha kuwekea skrubu. Diski ya inchi 3.5 hutumia skrubu za 6-32 na ya inchi 2.5 hutumia M3. Ukilazimisha moja kwenye tundu la nyingine, unaharibu uzi wa diski mpya siku ya kwanza.
- UPS, ile betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika.
- Simu ya kupigia picha kila waya kabla hujauchomoa.

Kuhusu UPS sitaki kulegeza. Watu husema laptopu ina betri. Ni kweli, lakini ile adapta ya volti 12 inayoendesha diski haina betri. Umeme ukikatika, laptopu inabaki inang'aa huku diski mbili zimezimika katikati ya kuandika. Angalia pia uniti za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, kabla ya kuanza, kwa sababu kunakili diski kubwa usiku kucha na uniti mbili zilizobaki ni kujitafutia hasara. Na kama wingu limetanda, ahirisha. Ukanda huu wa Ziwa Victoria radi zake si za mchezo. Waya wa dishi au antena uchomolewe kabisa wakati wa kazi.

### Kuchagua diski mpya

Tafuta diski iliyotengenezwa kwa kuandika mfululizo: WD Purple na Seagate SkyHawk ndizo zinazopatikana kwa urahisi, maana wanaofunga kamera za ulinzi hutumia hizo hizo. Hazipati joto kupita kiasi na zimetengenezwa kufanya kazi saa 24.

Epuka diski za SMR kama unaweza. Hizo huandika mistari ikilaliana kama vigae vya paa. Kubadilisha mstari mmoja hulazimu kuandika upya na mistari ya jirani. Dikoda ikirekodi chaneli mbili kwa pamoja, diski hubaki nyuma na picha huanza kukatika. Andika namba ya modeli iliyo kwenye lebo, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama ni SMR au CMR, ile ambayo mistari yake hailaliani.

Ukubwa: usivuke TB 2 mpaka uwe na uhakika dikoda inakubali. Mpangilio wa zamani wa diski, MBR, huhesabu sekta kwa namba isiyoweza kupita bilioni 4.29. Kila sekta ikiwa baiti 512, mwisho wake ni TB 2.2. Dikoda nyingi zimefungwa na ukuta huo huo, na diski ya TB 4 ndani yake huonekana ndogo ajabu au haionekani.

Je, unahitaji nafasi kiasi gani? Chukua kasi ya chaneli kwa megabiti kwa sekunde, zidisha kwa 0.45, utapata gigabaiti kwa saa. Chaneli ya HD ya megabiti 8 inakula GB 3.6 kwa saa. Mechi ya saa mbili pamoja na mapumziko ni GB 7.2. Diski ya TB 1 inabeba saa 270 hivi za HD ya namna hiyo. Kwa nyumba ya kawaida inatosha.

Diski za mitumba zimejaa Kampala, na muuzaji atakuambia ni mpya kwa sababu ameipangusa vizuri. Kabla ya kulipa, ichomeke kwenye kompyuta iliyowashwa kwa SystemRescue (tazama Hatua ya 2 ya njia ndefu) na uisome kwa amri hii, ambapo /dev/sdb ni jina ambalo kompyuta imeipa diski (Hatua ya 3 inaonyesha namna ya kulijua):

`smartctl -a /dev/sdb`

Kama iko kwenye adapta ya USB na haisomeki, ongeza `-d sat` kabla ya jina la diski. Angalia mistari mitatu. Power_On_Hours ni saa ilizofanya kazi. 30,000 maana yake imezunguka zaidi ya miaka mitatu bila kupumzika. Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector zinapaswa kuwa 0 kwenye safu ya mwisho kulia. Zikiwa na namba nyingine yoyote, mrudishie mwenyewe.

## Njia fupi: diski ya nje ya USB

1. Acha dikoda ifomati diski mpya. Ichomeke ikiwa tupu, ingia kwenye menyu ya kurekodi, ifomati. Sababu: dikoda nyingi za bei nafuu hazitambui diski yenye mpangilio mpya wa GPT au iliyofomatiwa exFAT, na diski kubwa za dukani huja hivyo. Ikifomatiwa na dikoda yenyewe, hakuna kubahatisha. Diski ya zamani isiwe karibu na dikoda wakati huu, iweke chumba kingine.

2. Rekodi dakika mbili za chochote. Hii inailazimisha dikoda itengeneze folda yake mahali pake sahihi. Ukitoa diski utaona hasa faili zinakaa wapi na zinaitwaje.

3. Nakili folda ya zamani kwenye kompyuta kwanza, kisha kwenye diski mpya. Usibadilishe jina la folda wala la faili. Usichague faili kubwa tu ukaacha ndogo. Zile ndogo ndizo zinazobeba jina la kipindi, tarehe na orodha ya vipande.

Vipande vyenyewe viko hivi. Diski iliyofomatiwa FAT32 haikubali faili moja kuzidi GB 4 za kompyuta, yaani baiti 4,294,967,295. Ile mechi ya GB 7.2 basi imekatwa vipande viwili: kipande cha kwanza kimejaa, cha pili kina salio. Ukihamisha cha kwanza tu, utatazama kipindi cha kwanza na mwanzo wa cha pili, halafu picha inaganda kabla ya bao la ushindi. Watu hulaumu diski mpya, kumbe faili moja ilibaki nyuma.

4. Linganisha. Bofya folda ya zamani na mpya kwa kulia, soma idadi ya faili na jumla ya baiti. Lazima zilingane hadi namba ya mwisho, ukitoa ile rekodi ya majaribio. "Karibu sawa" maana yake kuna kilichopotea.

5. Itoe diski kwa utaratibu, yaani kwa amri ya kutoa, si kwa kuing'oa. Kisha ichomeke kwenye dikoda.

Diski ikilia tik-tik na dikoda haiioni, tatizo kwa kawaida ni umeme. Mlango wa USB 2.0 umeahidi miliampea 500 tu, na diski ya inchi 2.5 inaweza kuhitaji karibu mara mbili ya hapo inapoanza kuzunguka. Tumia habu ya USB yenye adapta yake. Usiiache ikigonga huku ukijaribu tena na tena.

## Njia ndefu: diski iliyo ndani

### Hatua ya 1: Zima, ngoja, fungua

Zima dikoda kwa rimoti, ingoje imalize, kisha chomoa plagi ukutani. Ngoja dakika 10.

Dakika hizo si za mapambo. Dikoda yenye pawasaplai ndani hupokea volti 240 na kuzigeuza kuwa zaidi ya volti 300 ndani ya kapasita kubwa, ile inayofanana na kopo dogo. Huweza kushika chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako. Hata baada ya kungoja, usiguse upande huo wa bodi.

Fungua kifuniko, piga picha, chomoa waya wa data na wa umeme kwa kushika kichwa chake, si kwa kuvuta waya. Gusa chuma cha kasha mara kwa mara ili kuondoa umeme tuli mwilini. Andika kwa kalamu kwenye diski ya zamani: ZAMANI. Kwenye mpya: MPYA. Saa sita usiku diski mbili nyeusi zinafanana kabisa.

### Hatua ya 2: Washa kompyuta kwa SystemRescue, si kwa Windows

Andika SystemRescue kwenye flashi ya kwanza kwa programu ya Rufus. Nimeichagua kwa sababu ina ddrescue (ya kunakili diski), smartctl na hdparm (za kuikagua) na parted (ya kupanga nafasi) ndani tayari, huhitaji bando kupakua kitu katikati ya kazi. Kompyuta ikikataa kuwaka kwa flashi hiyo, ingia kwenye mipangilio ya BIOS uzime Secure Boot.

Kwa nini si Windows? Kwa sababu Windows ikikutana na diski isiyoielewa huuliza kama iifomati, au kwenye kidirisha cha diski huuliza "Initialize Disk". Ukikubali, inaandika mwanzoni mwa diski, pale pale dikoda ilipoweka ramani yake. Hata kama umeshaichomeka kwenye Windows kwa bahati mbaya, jibu ni Cancel, kila mara, bila kufikiri.

### Hatua ya 3: Tambua ipi ni ipi

Chomeka diski zote mbili na flashi ya pili, kisha andika:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Linganisha SERIAL inayoonekana na iliyochapwa kwenye lebo ya kila diski. Usitegemee ukubwa, usitegemee mpangilio wa kuchomeka. Andika kwenye karatasi, kwa mfano: ZAMANI = /dev/sdb, MPYA = /dev/sdc, flashi ya kumbukumbu = /dev/sdd1. Ukizima kompyuta na kuiwasha tena, rudia hatua hii, kwa sababu herufi hizo huweza kubadilishana.

Baadhi ya adapta za USB husema uongo kuhusu ukubwa wa sekta, hasa kwa diski kubwa. Nakala hutoka nzuri machoni, halafu ndani ya dikoda haisomeki. Ndiyo maana kompyuta ya mezani yenye SATA halisi ni bora. Ukilazimika kutumia adapta, tumia mbili za aina moja.

### Hatua ya 4: Pima afya ya diski ya zamani

`smartctl -a /dev/sdb`

`hdparm -I /dev/sdb`

Ya kwanza inakuambia kama inakufa. Ya pili, sehemu ya Security, inapaswa kusema "not locked". Ikisema "locked" bila "not", dikoda imeifunga diski kwa nenosiri na hakuna baiti itakayosomeka nje ya dikoda hiyo. Acha hapo, irudishe ilipokuwa.

Ikiwa diski inagonga kwa mdundo, inazima na kuwaka, usiendelee na majaribio mengi. Kila kuwasha kunaweza kuwa kwa mwisho. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya 5, na kama haisomeki kabisa, mpelekee mtaalamu wa kuokoa data. Usiifungue diski yenyewe, vumbi la chumba linatosha kuimaliza.

### Hatua ya 5: Nakili diski nzima

Kwanza iandalie kumbukumbu mahali pa kudumu:

`mkdir /mnt/kumbukumbu`

`mount /dev/sdd1 /mnt/kumbukumbu`

SystemRescue huishi kwenye RAM. Ukiweka faili ya kumbukumbu humo na umeme ukakatika, imekwenda. Ikiwa kwenye flashi, utaendelea pale pale ulipoishia hata baada ya siku mbili.

Sasa amri yenyewe. Isome kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter: kutoka zamani, kwenda mpya.

`ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc /mnt/kumbukumbu/ramani.log`

Diski inayotajwa kwanza ndiyo inayosomwa, ya pili ndiyo inayoandikwa. Ukizigeuza, unamwaga utupu wa diski mpya juu ya vipindi vyako, na hakuna wa kukuuliza "una uhakika?" kwa sababu ile -f imeshasema ndiyo. Mwite mtu wa pili asome karatasi yako huku wewe ukisoma skrini, hata kama hajui kompyuta.

Muda: kwa SATA au USB 3.0 tarajia kama megabaiti 100 kwa sekunde, hivyo GB 500 huchukua saa moja na nusu hivi na TB 1 karibu saa tatu. Kwa USB 2.0 ni megabaiti 30 hadi 35, na TB 1 hiyo itakula saa nane na zaidi. Weka diski bapa mezani, zisigusane, na feni ndogo izipulizie.

Umefaulu ukiona "pct rescued" imefika 100.00%, "read errors" ni 0, na mwisho neno Finished.

Kama kuna makosa, rudia kwa:

`ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sdc /mnt/kumbukumbu/ramani.log`

Hii hurudi kwenye sehemu zilizogoma tu na kuzijaribu mara tatu. Kilobaiti chache zikibaki bila kusomeka, kwa kawaida utaona miraba kwenye picha kwa nusu sekunde katika kipindi kimoja. Ubaya ni zikiangukia kwenye ramani ya faili, na hilo utalijua hatua inayofuata.

Diski mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani hata kwa sekta moja, ddrescue haitamaliza. Kwa kawaida za GB 500 zina sekta 976,773,168 na za TB 1 zina 1,953,525,168 bila kujali mtengenezaji. Ila za mitumba wakati mwingine zimepunguzwa. Linganisha kwa `blockdev --getsz /dev/sdb` kisha `/dev/sdc`.

Kwa nini nasisitiza diski nzima badala ya faili? Kwa sababu nakala hubeba kila kitu: ramani, lebo na ile namba ya utambulisho ambayo dikoda huitafuta ikiwaka. Dikoda inaona diski yake ile ile. Haina sababu ya kuuliza habari za kufomati.

### Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kupanua

Zima kompyuta. Funga MPYA kwenye dikoda, ZAMANI iwekwe kabatini. Usizichomeke mbili kwa pamoja tena popote, kwa sababu sasa zina utambulisho mmoja na mfumo unaweza kuandika kwenye ile usiyokusudia.

Washa. Diski bado itaonekana na ukubwa wa zamani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Fungua kipindi cha zamani kuliko vyote, kisha kirefu kuliko vyote. Kila kimoja ruka hadi katikati, kisha dakika za mwisho. Wengi hutazama sekunde tano za mwanzo, wanafurahi, wanafuta diski ya zamani. Mwanzo wa faili karibu kila mara ni mzima.

Ikikuuliza kufomati, jibu ni hapana. Zima, kagua waya wa data, kagua kama ulinakili hadi 100.00%. Dikoda ikijizima na kujiwasha mfululizo, shuku umeme: diski ya inchi 3.5 huweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12 inapoanza kuzunguka, na adapta ya dikoda iliyochoka haimudu.

### Hatua ya 7: Panua nafasi

Hii ni kwa dikoda za Linux zenye ext4, yaani mfumo wa faili wa Linux, tu. Irudishe MPYA kwenye kompyuta, itambue upya kwa lsblk, kisha:

`parted /dev/sdc print`

Ukiona patisheni moja ya ext4, au ile ya vipindi ndiyo ya mwisho kwenye orodha, endelea. Ukiona "unknown" au majina usiyoyajua, acha. Dikoda hiyo ina mpangilio wake, na diski yenye ukubwa wa zamani inayocheza ni bora kuliko kubwa isiyocheza.

`parted /dev/sdc resizepart 1 100%`

`e2fsck -f /dev/sdc1`

`resize2fs /dev/sdc1`

Namba 1 ni ya patisheni, ibadilishe kama yako ni nyingine. Usiruke e2fsck: resize2fs itakataa bila hiyo, na ni vizuri ikatae, maana kupanua mfumo wenye kasoro ni kuisambaza kasoro.

### Hatua ya 8: Mtihani wa mwisho

Menyu ya diski sasa ionyeshe ukubwa mpya. Rekodi chaneli moja dakika 10 huku ukitazama kipindi cha zamani. Simamisha matangazo ya moja kwa moja kwa dakika mbili, endelea. Chomoa ukutani, washa tena, hakikisha rekodi mpya ipo.

Gusa kifuniko baada ya saa mbili. Kikiwa moto wa kutoshikika, dikoda imebanwa. Iondoe juu ya amplifaya au ndani ya kabati lililofungwa.

## Ukitaka kunakili faili tu kwenye Enigma2

Inafaa pale unapotaka kuchuja. Fomati diski mpya ndani ya dikoda, kisha kwenye kompyuta zifungue zote mbili, ya zamani kwa kusoma tu. Mifano hii inachukulia vipindi viko kwenye patisheni ya kwanza ya kila diski:

`mkdir /mnt/zamani /mnt/mpya`

`mount -o ro,noload /dev/sdb1 /mnt/zamani`

`mount /dev/sdc1 /mnt/mpya`

`rsync -rtvh --progress /mnt/zamani/movie/ /mnt/mpya/movie/`

Mkwaju (/) wa mwisho baada ya movie ya kwanza una maana. Ukiuacha, utapata folda ya movie ndani ya movie, na dikoda itaonyesha orodha tupu.

Kila kipindi kina faili kadhaa zenye jina moja: .ts ndiyo picha na sauti, .ts.meta ni jina na chaneli, .eit ni maelezo, .ts.cuts ni alama ulizoweka, .ts.ap na .ts.sc ndizo zinazowezesha kuruka mbele na nyuma. Ukibeba .ts peke yake kipindi kitacheza, lakini kuruka kutasumbua na jina litakuwa la faili tu.

Baada ya hapo hakiki kila baiti, hata kama itachukua muda mrefu kama wa kunakili:

`rsync -rnvc /mnt/zamani/movie/ /mnt/mpya/movie/`

Isipotaja faili yoyote, zote zinalingana.

## Diski ya zamani uifanyeje

Iache kabatini wiki mbili, kwenye mfuko mkavu, na lebo yake ya ZAMANI. Katika wiki hizo tazama vipindi mbalimbali kama kawaida. Kilichokosekana utakigundua wakati bado kuna pa kukirudisha. Baada ya hapo ifomati, na kama ripoti yake ya smartctl bado ni safi, itumie kuhifadhi nakala ya pili ya vile usivyoweza kuvipata tena.